Semina kaitwa mume, mboga nalima mie: masuali yenu na majibu ya Bi Shamba

Mara hii barua na meseji nyingi zimeangukia pahala pamoja tu, mafunzo ya kilimo cha mboga, nani anaitwa, nani haitwi, na akishaitwa anafunzwa nini. Salamu ndefu nimezikata, majina nimeyatoa kama wenyewe walivoomba, na wale waloniuliza bei ya mbegu naomba wanisamehe, bei inabadilika kabla gazeti halijawafikia mkononi.

SUALI: Assalaam alaykum Bi Shamba. Mie na mume wangu tunalima tungule (nyanya) na bilingani hapa Bumbwisudi. Kila ikija semina anaitwa yeye kwa kuwa jina lake ndo lilioandikwa kwa sheha. Akirudi nikimuuliza wamekufunzeni nini ananijibu "mambo ya dawa tu". Msimu huu tungule zimetuangusha, majani yamekauka yamekunjana na matunda yana vitundu. Mie ile michirizi kwenye majani niliiona mapema nnapopalilia lkn sikujua ni kitu gani, nikanyamaza. Jee, mafunzo ni ya mwenye jina au ya anaelima? (Mkulima, Bumbwisudi)

JIBU: Waalaykum salaam bibie. Ulichokiona wewe ni kantangaze. Ni kipepeo mdogo wa kijivu, asili yake Amerika ya Kusini, 2006 akaonekana Spain, na huku kwetu Tanzania akaripotiwa 2014, tokea hapo hajaondoka. Jike moja linaweza kutaga mayai mpaka 260. Kiwavi akishatoka kwenye yai anajipenyeza ndani ya jani, anakula ile nyama ya kati na kuacha ngozi ya juu na ya chini, ndo maana ukaona michirizi na madoa meupe. Chuma jani lenye doa ulinyanyue juani, utamuona kwa macho yako amelala humo ndani na vinyesi vyake vyeusi pembeni. Sasa dawa inayopulizwa juu ya jani, tena ile ya kugusa tu, itamfikia vipi, mwenyewe yumo ndani kajifungia mlango.

Na hapa ndo nnapotaka tukae kitako kidogo. Wa mwanzo kumuona mdudu huyu si mwenye bomba la kupulizia dawa. Ni anaepalilia, anaepunguza machipukizi, anaefunga miche kwenye vijiti, anaechuma, kwa sababu uso wake ndo ulio karibu na jani kila siku ya Mungu. Na makonde mengi ya mboga niliyopita mie, Unguja na Pemba, huyo ni mwanamke. Mume anakuja siku ya kupuliza na siku ya kupeleka sokoni. Basi ukimfunza mume kuchanganya dawa na mke usimfunze kumtambua mdudu, dawa itafika tungule zishaliwa. Kumbe pangetosha mtu mmoja kumuonesha wewe jani lile lile moja, ungelipiga kelele mapema na pesa yenu ingelisalimika. Simsemi mumeo vibaya, inawezekana kweli alofunzwa ni mambo ya dawa tu, kwani semina nyingi zinaanzia kwenye bomba na kuishia kwenye bomba, mdudu mwenyewe anaoneshwa kwenye picha ya ukutani kwa dakika tano kabla ya chai.

Cha kufanya sasa: majani na matunda yenye vitundu yachumeni, musiyatupe ukingoni mwa konde, yatieni kwenye polo halafu yafukieni shimo la kwenda chini. Mitungule ilokwisha ing'oeni yote. Na pahala hapo musirudishe tungule wala bilingani, bilingani ni jamaa moja na tungule na huyu kantangaze anaishi humo vilevile, wekeni mahindi, kunde au mchicha kwanza. Kuna na mitego yenye harufu ya kumvuta dume, ukiitundika tokea miche michanga unajua siku alipoingia. Dawa musing'ang'anie aina moja msimu mzima, wadudu wanaizoea, muulizeni bwana shamba mubadilishe.

Jengine hukuliuliza lkn nnalisema. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuchuma, zimeandikwa kwenye kibandiko. Anaezijua ni alopuliza, anaechuma ni mwengine, na mara nyingi hawaambizani. Kwenye mchicha ndo balaa kabisa maana mchicha wenyewe wiki tatu nne ushavunwa, ukipulizwa leo na ukakatwa keshokutwa mlaji anakula sumu. Wekeni utaratibu, siku ya kupuliza afunge kitambaa chekundu kwenye kijiti mwanzo wa tuta na asikitoe mpaka siku zitimie, hapo hata mtoto akitumwa kuchuma anajua hili tuta haliguswi.

Na jina, nenda mwenyewe kwa sheha ukaandikishe lako. Konde moja linaweza kuwa na wakulima wawili, hakuna alokataza.

SUALI: Bi Shamba usichukie. Siku hizi kila mradi "akina mama, akina mama". Sie wanaume wa Kengeja tunalima matikiti na pilipili boga, jua letu hilo hilo na jembe letu hilo hilo. Kwani sie hatuna haja ya kufunzwa? (Mkulima, Kengeja)

JIBU: Sichukii yakhe. Haja munayo, na kubwa tu, ntakutajia.

Kwanza hili la akina mama halikuzuka tu. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kwenye ripoti yao ya 2011 walihesabu kwamba wanawake wakulima wakipata zana, mbegu, mbolea na mafunzo sawa na wanaume, mavuno kwenye makonde yao yangeongezeka asilimia 20 mpaka 30. Ripoti yao ya 2023 ikasema tena, makonde ya ukubwa sawa, yale yanayoendeshwa na wanawake uzalishaji wake uko nyuma kwa asilimia 24. Hizo ni hesabu za dunia, si za Kengeja, lkn sababu zake hata Kengeja munazijua: mbolea inayofika ikiwa imechelewa, maji ya kubeba kichwani, na mtu anaeingia kondeni saa tatu kwa sababu kuanzia alfajiri yuko jikoni.

Lkn una haki pahala pamoja. Kuna miradi inahesabu vichwa tu. Ukumbini wakitimia nusu wanawake, picha ikapigwa, ripoti ishakaa sawa, na walichofunzwa hakiulizwi. Ndo utaona wanawake wanakwenda kufunzwa sabuni, achari na jemu ya embe, wanaume wanapelekwa kwenye pampu na mipira ya matone. Achari mie naipenda, lkn mtu anaenyanyua ndoo kutoka kisimani asubuhi na jioni kumwagilia matuta yake, yeye ndo wa kwanza kuoneshwa dripu, sio jemu. Na hiyo jemu chupa zake zinatoka wapi na zinauzwa kwa nani, mahoteli ya pwani yanaagiza yao kutoka nje.

Sasa nyinyi wanaume. La kwanza kuatika. Pakiti ya mbegu chotara ni ghali, halafu naona mwanamme anaimwaga kitaluni kama anamwaga mchicha, miche inabanana, inakwenda juu myembamba, inafika kondeni na kulala chini. Kazi hii wanawake wengi wanaijua kuliko nyinyi kwa sababu wao ndo wanaomwagilia vitalu, basi tafuteni hata mmoja awafunze, hakuna aibu. La pili hesabu. Nikimuuliza mkulima wa matikiti amepata faida gani ananitajia pesa alizouza, mbegu, mafuta ya pampu, kibarua na gari ya ng'ombe hazimo, na mke na watoto walopalilia hawahesabiwi kabisa. Mafunzo ya hesabu kila siku wanapewa vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, na wanaume wenye makonde makubwa ndo wasioandika hata mstari mmoja.

Na la tatu munalijua wenyewe, kupuliza dawa miguu mitupu na mdomo wazi, kisha shati lililolowa linakwenda kwenye beseni moja na nguo za mtoto. Nguo ya kupulizia ifuliwe mbali, na heri afue aloivaa. Chupa tupu ya dawa isioshwe ikatiliwa mafuta ya taa, suuza mara tatu, yale maji yake rudisha kwenye bomba, toboa chupa ili isitumike tena.

SUALI: Mke wangu amechaguliwa kwenda mafunzo ya mboga siku tatu Chake Chake, kulala huko huko. Nimekataa. Ndugu zangu wanasema nimefanya vyema, yeye kanuna. Wewe unasemaje? (Mume, Micheweni)

JIBU: Kununa ana haki, mwanangu, sababu anaelima ni yeye.

Lkn suali lako mie nalipeleka kwa waliopanga. Kwanini mafunzo ya mboga yawe ukumbini Chake? Micheweni sehemu kubwa ni maweni, udongo wenyewe uko kwenye vishimo baina ya mawe, mtu anatakiwa ajue kupanda ndani ya vishimo hivo, kurundika samadi na majani, kufinika ili maji yasipotee. Akienda kukaa kwenye kiti siku tatu akaoneshwa matuta marefu ya udongo mwekundu wa upande wa pili, akirudi atayatia wapi? Skuli za wakulima za mashambani zilianza Indonesia 1989 kwenye mpunga, na utaratibu wake ni huu, kikundi cha watu kama ishirini na tano wanakutana kwenye konde moja karibu na kwao, kila wiki, saa chache, msimu mzima, wanaangalia mmea unavokua na mdudu anavoingia. Mama mwenye watoto anakwenda na anarudi kupika. Huku kwetu skuli hizi zimeshafanyika na watu wanazijua, kwa ivo waandikieni waandaaji muwaombe kitu kama hicho, wewe ukiwa wa kwanza kutia saini.

Wakikataa, mara hii mwache aende na wifi yake au mama yake. Nduguzo hawakupalilii.

SUALI: Mie bwana shamba mpya wilaya ya Kaskazini A. Nimeambiwa nikusanye mahitaji ya mafunzo ya wakulima wa mboga, wanaume peke yao na wanawake peke yao. Nimepeleka fomu, wanaume wameandika pampu na soko, wanawake karibu wote wameandika neno moja, mtaji. Ripoti yangu itakuwa na nini? (Bwana shamba)

JIBU: Itakuwa na kile walichodhani umewaletea. Aliepita kabla yako aliwagawia mikopo, basi na wewe umeandikiwa mtaji, na ungelikuja na gari lenye picha ya kuku wangeliandika kuku.

Usimuulize mtu "unataka mafunzo gani". Hawezi kutaja kitu asichojua kama kipo. Yule bibie wa Bumbwisudi hapo juu ungelimpa fomu asingeliandika "nifunzeni kantangaze", angeliandika mtaji kama wenzake, na wewe ungeliondoka na mtaji wako na tungule zingelikufa. Muulize jana alifanya nini kondeni. Alianza saa ngapi, akakutana na nini kilichomshinda, akamuuliza nani. Halafu ichukue mboga moja moja, ifuate tokea mbegu mpaka sokoni, na kila kazi uliza mambo matatu: nani anaifanya, nani anaamua, nani anashika pesa. Utashangaa namna majibu yasivyolingana. Bamia inachumwa kila siku moja au mbili, anaechuma ni mke, anaeamua iuzwe kwa dalali au kwa mchuuzi wa njiani ni mume, na pesa ya kapu dogo ni ya mke lkn pesa ya polo ni ya mume. Kwa ivo mke umfunze kuchuma ikiwa changa na kuipanga kivulini, na mazungumzo ya bei wafunzwe wote wawili, tena pamoja, la sivo ukimfunza mke peke yake kupanga bei atarudi nyumbani na maarifa ambayo hana ruhusa ya kuyatumia.

Wakalishe mbali mbali kwanza. Mwanamke mbele ya baba mkwe wake anasema "kila kitu sawa tu". Wape punje za mahindi, chora kazi kwenye mchanga, kila mtu aweke punje nyingi pale panapomuuma, hapo hata asiejua kusoma amejaza fomu yako. Baadae waunganishe, wanaume waone punje za wanawake zimelala wapi, na wanawake waone za wanaume. Hapo ndo mazungumzo yanaanza kweli, na kelele pia, jitayarishe.

Na wanawake usiwafanye kitu kimoja. Mke wa mwenye konde, mjane anaelima kwa kuazima, na msichana alomaliza skuli hana kazi akaanza mchicha nyuma ya nyumba, hawa watatu hawafanani. Yule msichana anayo simu na video za kilimo anaangalia kukushinda wewe, anachotafuta ni ardhi na maji. Mjane simu yake ni ya tochi, meseji zenu za WhatsApp anazisikia kwa jirani, na ukimfanya mwenyekiti wa grupu ndo umempoteza kabisa.

Halafu wakati. Huko Matemwe na vijiji vya pwani wanawake wengi wana mwani vilevile. Bamvua likifika maji yanakupwa saa nne asubuhi, wote wako baharini, ukipiga semina yako saa tatu utawakuta wanaume na viti. Tazama mwezi kwanza, maji yakiwa mafu ndo uwaite. Msimu wa mpunga wako bondeni, Ijumaa usijaribu, na Ramadhani ukiwaita alasiri wanakusikiliza huku wanawaza futari. Ukihamia Pemba siku moja kumbuka na karafuu, msimu wake mwanamme yuko juu ya mti na mwanamke usiku anachambua vikonyo, hapo usiite mtu yeyote. Na posho ikiwa nono uliza mapema nani kaandikwa, maana posho inawageuza wanaume wasiowahi kushika jembe wakawa wakulima wa mboga kwa siku moja.

SUALI: Mie mjane, Kinyasini. Nalima mchicha na matembele kwenye eka tatu ya shemegi yangu. Kila mafunzo wanataka mwenye shamba, na mwaka wa pili nikishatia samadi shemegi anaitaka sehemu yake. Nifanyeje? (Mjane)

JIBU: Pole sana bibie. Eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 nyingi zimeandikwa jina la mwanamme, na wengi wanaolima juu yake leo ni wanawake wasio na karatasi. Hebu uliza kwanza jambo moja, hiyo eka ilikuwa ya shemegi mwenyewe au ya baba yao? Ikiwa ilikuwa ya baba yao na yeye alikufa kabla ya mumeo, basi marehemu alikuwa na fungu lake, na ndani ya fungu hilo wewe kama una watoto una thumni yako (moja ya nane) na watoto wana lao. Hiyo si fadhila ya shemegi, peleka Mahkama ya Kadhi waulize.

Ikiwa ni yake kweli, mwambie muandikiane mbele ya sheha misimu minne, sio mmoja, na usitie samadi kabla ya karatasi hiyo. Mafunzo yako wewe si ya tanki la saruji wala mipira ya kufukia, ni ya vitu unavoweza kuvinyanyua siku ukiambiwa ondoka: ndoo ya lita 20 ukaiinua mita moja juu ya kigingi na mipira yake ya matone, mbolea ya kuozesha ndani ya mapolo, mboga za muda mfupi kama mchicha na hiyo bamia, miezi miwili ushaanza kuchuma. Mafunzo ya "mwenye shamba" nenda hivo hivo, ukiulizwa sema mie ndo nnaelima, mwenye shamba yuko mjini.

SUALI: Bomba la dawa linanivunja mgongo. Wanaume wanasema wanawake hatuwezi kupuliza. Kweli? (Dada, Kibokwa)

JIBU: Lile la lita 16 likijaa pamoja na uzito wake lenyewe lakaribia kilo 20, hata hao wanaume wanalibeba kwa kiburi tu. Lijaze nusu, upime na dawa nusu vilevile, au nunueni kikundi bomba dogo la mkono la lita tano, kwa matuta ya mchicha linatosha. Vaa buti, glavu na kitambaa cha kufunga pua, puliza asubuhi kabla upepo haujaamka, usipulize ukielekea kwenye upepo. Na ukiwa mjamzito au unanyonyesha usilishike kabisa, wala usiingie kuchuma kwenye tuta lenye kitambaa chekundu, hata kama mchuuzi kasimama barabarani anapiga honi.